Saini Haiko Kwenye Wino: Vidokezo vya Kuujua Waraka wa Kidijitali na Mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mkataba wa kazi ya tafsiri ambao, kwa maelezo ya mleta, nilishausaini zamani. Nikaufungua. Kweli, pale chini ilikuwepo saini yangu: mkia uleule wa herufi ya mwisho, wino uleule wa bluu, hata kile kidoa kinachobaki nikiikandamiza kalamu. Tatizo ni kwamba mkataba wenyewe ndiyo kwanza nauona. Mtu alikuwa ameikata saini yangu kwenye PDF ya kazi ya mwaka uliotangulia akaibandika huku. Kazi ya dakika mbili, wala haihitaji fundi.

Tuliyamaliza. Lakini tangu siku ile nimekuwa mtu msumbufu: kabla sijauliza waraka unasema nini, nauliza umetoka kwa nani. Haya hapa niliyoyaokota njiani.

1. Picha ya saini ni picha tu

Saini iliyoskaniwa, jina lililochapwa kwa fonti ya mwandiko, muhuri wa duara uliopigwa picha: vyote ni rangi kwenye skrini. Anayeweza kuviona anaweza kuvinakili.

Saini ya kidijitali ni hesabu. Mwenye kusaini ana funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Mmoja ni wa siri, huo ndio wa kusainia. Mwingine ni wa wazi, anaugawa kwa yeyote anayetaka, na kazi yake ni kukagulia. Kuwa na ule wa wazi hakukupi njia ya kuupata wa siri. Whitfield Diffie na Martin Hellman walilichapisha wazo hili mwaka 1976, na mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT, Marekani, wakapata hesabu ya kulitekeleza. Ndiyo RSA, herufi za majina yao, na hadi leo inasaini nyaraka.

Hesabu hiyo inauchanganya ufunguo wa siri na maandishi yote ya waraka. Ndiyo maana saini ya mkataba wa Januari haifanani na ya mkataba wa Februari, hata kama mwenye kusaini ni yuleyule. Ukiikata huku ukaibandika kule, inakataa. Yule aliyeibandika saini yangu kwenye mkataba angehangaika hadi leo.

2. Mtungie sentensi, mwambie aisaini

Mei 2016 Craig Wright, raia wa Australia, alitangaza kuwa yeye ndiye Satoshi Nakamoto, yule mwanzilishi wa Bitcoin asiyejulikana, akatoa na saini iwe ushahidi. Wajuzi walimaliza kazi siku hiyohiyo. Saini ilikuwa halali kabisa, ila ilikuwa imechukuliwa kwenye muamala wa mwaka 2009 ulioko hadharani, ambao yeyote angeweza kuunakili. Mei 2020 mambo yakawa kichekesho: anwani 145 za Bitcoin, ambazo zilikuwa kwenye orodha ya mali aliyoipeleka mahakamani, zilitumika kusaini ujumbe unaomwita Wright mwongo na tapeli. Mwenye funguo alikuwa mtu mwingine, na alikuwa amechoka. Machi 2024 Jaji James Mellor wa Mahakama Kuu jijini London akaamua kuwa Wright si Satoshi.

Kwa hiyo mtu akidai ufunguo fulani ni wake, usipokee saini aliyokuja nayo mfukoni. Mtungie sentensi mpya, yenye tarehe ya leo na upuuzi wowote uupendao, tuseme “leo nimekula mihogo na samaki wa kupaka”, kisha mwambie aisaini. Mwenye ufunguo atarudi kabla chai yako haijapoa. Asiye nao ataanza kukueleza kwa nini haiwezekani.

3. Pima alama ya kidole ya faili

Faili lolote linaweza kufupishwa kuwa mlolongo wa herufi na tarakimu unaoitwa heshi. Kwa njia ya SHA-256 mlolongo huo una nafasi 64, faili liwe risiti ya duka au filamu ya saa mbili. Geuza shilingi 1,500,000 iwe 7,500,000 na heshi nzima inageuka, hutaona hata undugu kati ya ile ya kwanza na ya pili. Kinachosainiwa, kwa kawaida, ni hiyo heshi.

Kuipima ni bure. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile mkataba.pdf SHA256. Kwenye Mac ni shasum -a 256 mkataba.pdf, na kwenye Linux sha256sum mkataba.pdf. Linganisha zote 64, siyo nne za mwanzo. Ukikuta mtu bado anajivunia SHA-1, mwambie imezeeka: Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na wa Google walitengeneza PDF mbili tofauti zenye heshi moja.

Na heshi ije kwa njia nyingine, siyo ndani ya bahasha ileile. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilidukuliwa, watu wakaelekezwa kupakua toleo lililotegwa. Aliyefanya hivyo alijigamba kuwa hata heshi iliyoandikwa pale ukurasani aliibadilisha ifanane na toleo lake. Mwizi aliyeshika daftari la getini hutamkuta kwenye daftari.

4. QR si muhuri

Ule mraba wa madoadoa umekuwa kama hirizi, ukiwepo watu wanatulia. Lakini uko wa aina mbili. Wa kwanza ni kiungo tu, unakupeleka kwenye kumbukumbu za ofisi. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi ya Tanzania, iko hivyo: ina QR na namba ya uhakiki, na ukienda verify.tra.go.tz unaona kama mamlaka ya mapato inaitambua. Mfumo mzuri. Ila mghushi naye anaweza kuchora QR inayoelekea kwenye ukurasa wake mwenyewe, wenye nembo na tiki ya kijani. Usiingie mlango uliochorewa. Andika anwani kwa mkono wako, kisha ingiza namba.

Wa pili umebeba saini tumboni. Cheti cha UVIKO-19 cha Umoja wa Ulaya, kilichoanza mwaka 2021, kilikuwa cha namna hii. Programu ya mkaguzi ilihifadhi funguo za wazi za nchi husika, basi ikakagua hata pasipo intaneti.

5. Saini haimjui mwongo

Oktoba 2021 QR ya cheti hichohicho cha UVIKO-19 ilizagaa mitandaoni ikiwa na jina la Adolf Hitler. Programu za ukaguzi zikaipitisha, kijani kabisa. Hesabu haikukosea: ufunguo halali ulikuwa umesaini upuuzi. Chombo hiki kinakuambia ni ufunguo gani uliosaini, na kwamba tangu hapo hakuna herufi iliyoguswa. Kama yaliyoandikwa ni kweli, hiyo ni kesi nyingine na mahakama nyingine.

Naikumbuka hii kila inapotajwa Aprili 2017, Tanzania ilipowataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Saini ya kidijitali ingemkwamisha aliyechonga cheti cha kidato cha nne kwenye kompyuta ya mtaani, maana asingekuwa na ufunguo wa mtoa vyeti. Isingemgusa mwenye mjomba ndani ya ofisi aliyemwingizia alama zisizo zake kwenye mfumo. Cheti chake kingetoka na saini safi, halali, inayong’aa.

6. Bofya saini, usiitazame tu

Kwenye programu kama Adobe Acrobat Reader, PDF yenye saini ya kweli hufunguka na mstari juu unaoeleza hali yake. Ukiibofya saini yenyewe unapata maelezo zaidi. Tiki ya kijani maana yake saini ni halali na aliyemdhamini msaini anaaminika. Pembetatu ya njano maana yake kuna walakini: pengine mdhamini hajulikani tu kwa programu, pengine kuna kubwa zaidi. Tazama jina la mwenye cheti (hati inayoufunga ufunguo na jina la msaini), tazama aliyekitoa, kisha tazama kama waraka umeguswa baada ya kusainiwa. Hili la mwisho si pambo, kwa sababu PDF inaruhusu vitu viongezwe mwishoni mwa faili bila kufuta vya mwanzo. Usitegemee kivinjari cha intaneti, mara nyingi kinakuonyesha kurasa tu bila kukagua chochote.

Na usasishe programu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, Ujerumani, walijaribu programu 22 za kusomea PDF kwenye kompyuta. Walizidanganya 21, zikasema saini ni halali juu ya maandishi waliyoyabadilisha wao.

7. Steshenari ni kaburi la saini

Ukiuchapa waraka kwenye karatasi, saini imekufa. Ukiuskani tena, unaskani maiti. Picha ya skrini, vivyo hivyo. WhatsApp ikipewa picha huibana na kuibadilisha, kwa hiyo chagua kutuma kama faili, siyo kama picha. Karani akitaka karatasi mpe karatasi yake, ugomvi wa nini, lakini faili lenyewe litunze mahali pawili.

8. Tarehe iwe na shahidi

Saa ya kompyuta hata mtoto anairudisha nyuma. Mwaka 2017 nchini Pakistan, waliokuwa wakichunguza mali za familia ya waziri mkuu Nawaz Sharif waliletewa hati zenye tarehe ya mwaka 2006. Zilikuwa zimechapwa kwa Calibri, fonti iliyoenea kwa umma kuanzia 2007. Dunia nzima ikajadili umbo la herufi.

Hatutakuwa na bahati ya fonti kila mara. Tiba ni muhuri wa muda: mtu wa tatu anapokea heshi ya waraka, si waraka wenyewe, anaipiga saa na kuisaini. Hata siri zako hazioni. Stuart Haber na Scott Stornetta walilichapisha wazo hili mwaka 1991, na kampuni yao ya Surety, kuanzia 1995, ikawa inachapisha kila wiki ufupisho wa heshi zote ilizopokea kwenye matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Nalipenda sana hili. Anayetaka kughushi tarehe angelazimika kuzunguka maktaba za dunia akikusanya magazeti ya wiki ile, moja baada ya jingine.

Programu nyingi za kusaini PDF zina mahali pa kuwasha muhuri huu. Uwashe.

9. Katibu muhtasi asiwe na ufunguo wa bosi

Muhuri wa mpira unachongwa barazani ukisubiri. Ufunguo wa siri hauchongwi: unaibwa, au, mara nyingi zaidi, unaazimwa. Nimeona kifaa cha USB chenye ufunguo wa mkurugenzi kikiishi kwenye droo ya katibu, na nywila imebandikwa pembeni mwa skrini, “ili kazi zisilale”. Kazi hazilali, kweli. Lakini siku waraka mbaya ukitoka, jina litakalosomeka ni la mkurugenzi, na hesabu haitamtetea.

Ukipoteza kifaa, piga simu kwa aliyekupa cheti saa hiyohiyo kibatilishwe. Wala usidhani hili ni la wazembe peke yao. Estonia, ambako wananchi wanasaini kwa kadi ya kitambulisho tangu 2002, iliarifiwa mwaka 2017 kuwa chipu za kadi zake takriban 750,000 zina udhaifu uliowezesha, kwa nadharia, ufunguo wa siri kukokotolewa kutoka kwenye ule wa wazi. Novemba serikali ikavisimamisha vyeti hivyo mpaka visasishwe. Waliweza kwa sababu walikuwa na njia ya kubatilisha na kutoa vipya. Ofisi yako inayo?

10. Uliza nani kamdhamini

Ufunguo wa wazi ukiwa peke yake ni namba ndefu isiyo na jina. Anayeufunga na jina la mtu au ofisi ni mtoa vyeti, na imani yako yote inamning’inia yeye. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia kwa DigiNotar, mtoa vyeti wa Uholanzi, wakajitolea mamia ya vyeti vya uongo, kimojawapo cha google.com, ambacho kilitumika kuwapeleleza watu wa Iran. Serikali ya Uholanzi yenyewe ilikuwa ikitumia vyeti vya kampuni hiyo. Septemba ya mwaka uleule DigiNotar ikafilisika.

Kwa watu wawili wanaofahamiana, mdhamini hahitajiki. Soma heshi ya ufunguo wako wa wazi kwa sauti, mwenzako aifuatishe upande wake. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Namba iliyoandikwa ndani ya waraka unaoutilia shaka ni ya huyohuyo unayemtilia shaka.

11. Barua pepe nazo zimesainiwa

Barua pepe nyingi siku hizi hubeba saini ya seva iliyozituma, mfumo uitwao DKIM. Kwenye Gmail ya kompyuta, bofya nukta tatu pembeni mwa barua, fungua barua katika hali yake ya asili, utafute neno DKIM na jina la kikoa lililo mbele yake. Inakuthibitishia kikoa, siyo mtu, na kikoa chenye herufi moja iliyogeuzwa nacho kinaweza kusaini vizuri tu kwa jina lake la bandia.

Urefu wa ufunguo nao una maana yake. Mwaka 2011 mwanahisabati Mmarekani Zachary Harris aliletewa barua ya ajira kutoka Google, akaona ufunguo wa DKIM ni wa biti 512 tu, mfupi mno. Akafikiri ni mtihani wa usaili. Akauvunja, kisha akamwandikia mmoja wa waanzilishi wa kampuni barua iliyoonekana kutoka kwa mwenzake. Hakujibiwa. Baada ya siku chache ufunguo ulikuwa wa biti 2,048. Wewe ukitengeneza wa RSA leo, usishuke chini ya hapo.

12. Sheria ipo, ila isome

Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Uganda ina sheria ya saini za kielektroniki ya 2011, na Kenya ilirekebisha sheria zake za biashara mwaka 2020 ili kuzitambua saini hizi. Ulaya wanazipanga katika ngazi tatu chini ya kanuni ya eIDAS ya 2014, na ni ya juu kabisa tu inayolingana moja kwa moja na saini ya mkono. Kwa ardhi na wosia, muone wakili kwanza.

13. Fungua droo yako

Pengine unayo saini ya kidijitali nyumbani na hujui. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza Kenya mwaka 2017 na Tanzania Januari 2018, ina chipu yenye taarifa zako zilizosainiwa kwa ufunguo wa nchi, na uwanja wa ndege wa ugenini wanaweza kuikagua kwa utaratibu wa shirika la usafiri wa anga la ICAO. Kwa hiyo kazi hii serikali zetu zinaijua.

Ila taarifa kwa umma bado zinatoka kama picha ya karatasi iliyoskaniwa. Barua ya uteuzi ya kughushi ikizagaa, ofisi inajibu kwa kuigonga neno FEKI kwa herufi nyekundu na kuirusha tena kwenye kundi la WhatsApp. Picha juu ya picha, na hata ile nyekundu yeyote anaweza kuichora juu ya barua halali. Wenye ofisi mnaosoma hapa: sainini hizo PDF kwa ufunguo, utangazeni ufunguo wa wazi kwenye tovuti yenu na kwenye Gazeti la Serikali, kisha mtueleze kwa mistari mitano namna ya kukagua. Sisi wengine tutabofya.